Mstatili Ulioangukia Msituni

Salma wa ofisini kaniambia nikae chini niandike. Kukaa chini ndiko kulikonishinda tangu utoto. Hata sasa nimestaafu, nikishakunywa chai ya asubuhi huanza kuzunguka uani, mara nautazama mlango, mara nalitazama paa, kama mtu anayengoja gari ya ofisi ije kumchukua. Gari haiji. Basi nimekubali kuandika, lakini nawaonya mapema nyinyi mliobaki kwenye meza zile: nitaandika kama nilivyofanya kazi, kwa kuinuka inuka. Habari za vyeo nilivyopewa na nilivyonyimwa zimo kwenye jalada langu. Atakaye akalifungue, ila azibe pua kwa vumbi.

Niliingia ofisi ya ramani Wete wakati watu ndiyo kwanza wanaambiwa kuwa vyama vingi vinarudi. Nilitaka kuwa mpimaji, niende mashambani, nivuke mito, nirudi na tope miguuni. Nikapewa meza ya kuchorea. Mkuu wa zama zile alinitazama mimi, akalitazama buibui langu, akasema mwanamke mkono wake mwepesi, atafaa kwenye wino. Sikubishana, nilikuwa mgeni. Lakini siku hiyo ya kwanza niliinuka kwenda dirishani mara nyingi hata mzee wa meza ya pili akaweka kalamu chini.

"Bi Riziki," akasema, "huko dirishani kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mzee."

"Basi kaa. Wino ukikukaukia kwenye kalamu, utashinda unaizibua."

Ndivyo nilivyojuana na Mzee Nassor. Alikuwa mwembamba, shati jeupe lililopigwa pasi, wa ukoo wa Kiarabu ambao zamani ulikuwa na mashamba ya karafuu na sasa ulikuwa na jina tu. Mfukoni mwake hamkukosekana wembe mpya, na haukuwa wa ndevu. Zama zile kosa la wino halikufutwa kwa kubonyeza kitufe. Ulilikwangua kwa wembe, taratibu, kisha ukapasugua kwa ukucha mpaka karatasi irudi laini, la sivyo wino mpya ungetambaa kama maji kwenye kitambaa. Alinifundisha hilo, akanifundisha unene wa mistari, na jinsi ya kuandika jina la kijiji lisiikalie njia. Alikuwa na neno lake: ramani ni ushahidi, na shahidi hasemi asichokiona.

Siku moja nikamjibu. "Mzee, mimi basi shahidi wa uongo. Nakichora Kisiwa Panza na sijakitia mguu."

Hakukasirika. Alikwenda kwa mkuu, na wiki iliyofuata nikawa kwenye orodha ya wanaokwenda Kisiwa Panza kupima kiwanja cha kituo cha afya. Nilifurahi hata nikasahau chakula nyumbani. Tulipofika, hakuna aliyetaka kushika ncha ya pili ya utepe wa kupimia. Mwaka wenyewe ulikuwa wa uchaguzi, na ndugu wa tumbo moja walikuwa hawazikani.

"Mwapima mpate nini?" akauliza mwanamke mmoja, ndoo ya chaza kichwani. "Na nyie ni wa chama gani?"

Wenzetu wakaanza kueleza wote kwa pamoja. Mzee Nassor akawanyamazisha kwa mkono, akaomba maji ya kunywa, akakaa barazani kwa watu, akaikunjua karatasi yetu mbele yao. "Hapa ndipo mlipo," akawaambia. "Mimi sijui njia zenu. Nionesheni, nizitie." Wakasogea mmoja mmoja. Mpaka adhuhuri ugomvi ulikuwa mwingine kabisa: kila mtu anataka njia ya kwake itiwe. Utepe ulishikwa na yule yule mwenye ndoo.

Tangu siku hiyo miguu yangu haikutulia tena. Nilikuwa wa kwanza kudandia gari ya kwenda Kiuyu au Makangale, na wa mwisho kurudi. Mzee Nassor alistaafu kabla ya kompyuta kushika kazi, na siku ya kumuaga alinipa wembe wake, ukiwa bado kwenye karatasi yake. Nilimwambia sitauhitaji. Akasema, "Sasa mimi niufanyie nini? Nimefuga ndevu."

Umeme wa kutoka bara ulikuwa umeshatulia, na intaneti ikawa yakamatika mchana, Salma alipoletwa ofisini kwetu. Mtoto wa Chake, katoka chuo kikuu, mwepesi wa kucheka. Alifungua tovuti ya ramani kwenye kompyuta, akaandika "Pemba", na kisiwa kikatutokea kwenye kioo kama kilivyo, kijani, kimechanika chanika pembezoni. Akakisogeza. Nikaona msikiti wa Wete. Nikaliona paa letu lenyewe. Nilisimama, maana nilihisi kama mtu anayetazamwa kutoka juu hali amekaa vibaya.

Bwana Khatib, aliyekuwa mkuu wetu wakati huo, alifurahi kuliko sote. Mafuta ya gari yalikuwa yakimtesa. "Bi Riziki," akasema, "safari zimekwisha. Dunia imekuja ofisini."

Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilisikia kama nimefungwa kamba za miguu.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini nitaisema kwa watakaokuja baada yenu. Mtu anataka kibali cha kujenga, au cha kuchimba kisima, au cha kuweka banda la kukaushia mwani. Ombi halipokelewi bila ramani. Anakuja na karatasi yake ya zamani ya kiwanja, yenye namba za kila kona. Unaziingiza namba, chombo kinakuunganishia kona, na umbo linakaa juu ya picha ya satelaiti. Unatia rangi, kipimo, jina la shehia, mshale wa kaskazini, unachapa, unapiga mhuri. Hifadhi kazi kila baada ya kona, kwa sababu intaneti ya kwetu ina tabia ya mgeni asiyeaga. Na usiiamini picha kwa kuwa ni nzuri. Yaweza kuwa ya zamani, na nyumba iliyojengwa baada yake haimo. Penye wingu ndipo mara nyingi penye shida yako.

Nilizifanya nyingi, na nilizifanya vizuri. Lakini nilikuwa nikinyanyuka kila mara hata Salma akaniuliza kama nina maradhi ya mgongo.

Kisha akaja Bi Mize.

Alikuwa mjane, mkulima wa muhogo, na alikaa katika kitongoji kilicho kusini ya msitu wa Ngezi, upande wa Konde. Nyumba yake ya udongo ilikuwa imepasuka kwa mvua za masika, na wanawe walimchangia ajenge ya matofali. Nikaziingiza namba zake. Mstatili ukatokea, mzuri, umenyooka, ndani kabisa ya mstari wa msitu wa hifadhi. Chini yake miti mitupu.

Salma aliziingiza upya. Pale pale.

Ombi likakataliwa, kama sheria inavyotaka. Lakini halikuishia hapo, maana nakala ya ramani yetu ilikwenda kwa watu wa misitu, na wao wakaenda kitongojini. Wakapaka alama ya msalaba kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wake, na kwenye kuta za majirani zake ambao ramani zao nazo ziliangukia huko. Wakaambiwa wajitayarishe kuhama. Na uchaguzi ulikuwa unakaribia tena. Mnaijua Pemba. Kabla ya Ijumaa ilishasemwa kwamba wanahamishwa kwa sababu ya kura zao.

Bi Mize alikuja ofisini bila kuitwa. Hakukaa. Alisimama mbele ya meza yangu na kanga yake imefungwa kiunoni.

"Weye ndiye uliyenitia msituni?"

"Asalaam alaykum, Bi Mize."

"Waalaykum salaam. Nakuuliza, ndiye weye?"

Nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Nilimwonesha mstatili na miti. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu, pua yake karibu iguse kioo.

"Hapo si kwangu," akasema.

"Namba ni zako, Bi Mize. Ni za karatasi yako."

"Karatasi yangu, ndiyo. Kwangu, hapana. Kwangu kuna mfenesi mlangoni, na choo, na nyumba. Mie nalala humo. Nyumba yangu i wapi hapo? Hebu nioneshe bati la jirani yangu. Nioneshe njia." Akajitazama mikono. "Au mie sipo?"

Bwana Khatib alitoka chumbani kwake akamwambia kwa upole kwamba watu wengi hudai kipande cha msitu kwa karatasi ya mahali pengine. Bi Mize akamtazama, akanitazama mimi, akatoka. Hakuaga. Kwa mtu wa kwetu kutoka bila kuaga ni jambo kubwa.

Sikuweza kukaa. Nilizunguka jengo la ofisi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kama alikuwa mwongo, kwa nini aulize alipo? Nikarudi, nikamwambia Salma tushuke kusini kidogo kwenye picha. Kidogo tu, kama mwendo wa kutoka msikitini hadi skuli. Pakatokea njia, pakatokea mabati, na nyumba moja ya makuti yenye mti mkubwa mbele.

"Huo mfenesi," nikasema.

"Miti yote ya juu inafanana, Bi Riziki," akasema Salma, lakini alikuwa ameshaacha kucheka.

Bwana Khatib hakutoa gari. Tulikwenda kwa usafiri wa abiria, mimi na Salma, na kifaa cha GPS mkobani. Bi Mize hakutukaribisha ndani, lakini alituonesha jiwe la mpaka kwenye muhogo, limezama nusu, namba zake bado zinasomeka. Salma akakiweka kifaa juu yake, tukangoja kitulie. Kilipotulia, namba za kifaa hazikuwa namba za karatasi. Tukaenda jiwe la pili, kwa jirani. Tukaenda la tatu. Kila jiwe, tofauti ilikuwa ile ile, na upande ule ule.

Salma akachutama pale pale kwenye muhogo, akajishika kichwa. "Nimesomeshwa hili," akasema. "Walitusomesha darasani, nikalijibia mtihani, nikalisahau."

Nitalieleza kwa wepesi, maana mtakutana nalo. Dunia si mviringo kamili. Waliopima visiwa hivi zamani waliikadiria kwa umbo moja, na satelaiti zinaikadiria kwa umbo jingine. Karatasi za zamani zina namba za kipimo cha kwanza. Chombo cha mtandaoni kinasoma kwa kipimo cha pili. Namba ni sahihi, chombo ni sahihi, na kiwanja chako kinasogea kaskazini mbele ya macho yako. Hakuna aliyedanganya. Kuna namna ya kuzigeuza, na tangu siku ile hakuna namba iliyoingia bila kugeuzwa kwanza. Mkiacha kugeuza hata moja, mtakuja kunisikia.

Bwana Khatib, haki yake nimpe, alipooneshwa hesabu hakuficha. Aliandika kwa watu wa misitu siku ile ile, na akaamuru kila ramani ya kibali iliyopakana na Ngezi ichorwe upya, ikiwamo iliyokwisha kupita. Salma akachukua kusini. Mimi nikachukua upande wa Makangale, kaskazini.

Kusini ilikuwa furaha. Mistatili ilikuwa ikitoka msituni mmoja baada ya mwingine na kukaa juu ya mapaa yake, na Salma akiita majina kama mtu anayesoma waliofaulu. Kaskazini sikuwa nimefikiri. Kama vyote vinashuka kusini, basi vilivyokuwa nje ya msitu juu ya mstari vinaingia ndani. Vingi vilikuwa mbali, vikashuka bila kudhuru. Kimoja kikateleza, kikavuka mstari, kikatulia juu ya paa jipya la bati. Nikasoma jina la mwombaji.

Niliinuka. Nikatoka nje, nikaenda mpaka barabarani, nikarudi.

Mzee Nassor alikuwa amenunua kipande kile kwa kiinua mgongo chake. Ramani yake ya kibali ilichorwa na wenzetu wa Chake, kwa njia ile ile sote tuliyokuwa tukitumia, naye akajenga kwa mhuri halali. Msitu mahali pale ulikuwa umeshakuwa vichaka na mashamba ya kale, hakuna jicho ambalo lingeuona mpaka. Mpaka ulikuwepo kwenye namba tu.

Nilipompelekea, Bwana Khatib aliikunja karatasi ile polepole. "Mzee ni mtu mzima," akasema. "Tunaweza tukaiacha hii kwanza."

"Na Bi Mize tulimwacha kwanza?"

Akaikunjua tena. Nikamwomba barua ya kumwarifu Mzee isitangulie. Nilitaka kwenda mwenyewe.

Nilimkuta akifunga mipilipili manga kwenye miti. Alinipokea kwa furaha, akamwita mkewe aweke kahawa. Nilimwambia kabla kahawa haijaja, kwa sababu ningeinywa nisingeweza kusema. Alinisikiliza na kamba bado mkononi.

"Nani kapiga hesabu?"

"Mimi na Salma."

"Kwenye mawe, au kwenye kioo?"

"Kwenye mawe, Mzee."

Aliingia ndani, akavaa kofia. "Twende ofisini," akasema. Mkewe alisimama mlangoni na sinia, akauliza, "Mara ya pili hii, Nassor?" Nilielewa anachokisema. Baba yake Mzee Nassor aliondoka kwenye shamba lake baada ya mapinduzi, na yeye mwenyewe akiwa kijana alibeba vyombo kichwani. Katika miaka yote ya meza moja, hakuwahi kulitaja hilo.

Ofisini hakutaka kompyuta. Aliomba karatasi na penseli, akapiga hesabu yote kwa mkono. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nilikuwa nikiomba apate jibu jingine, na nilikuwa najua kwamba akilipata, msalaba mwekundu utarudi ukutani kwa Bi Mize.

Aliiweka penseli. "Hesabu iko sawa," akasema.

Bwana Khatib akaanza kumweleza kuwa kuna njia ya kuomba muda, kwamba mtu wa umri wake atafikiriwa. Mzee Nassor akamkatiza. "Yule mama mlimpaka rangi ukutani. Mimi mtanipaka nini?"

Hakunipa mkono alipotoka.

Nyumba aliivunja mwenyewe, akasimamia kila bati lishuke bila kupindika. Kodi ya kiwanja na fidia vilibishaniwa Unguja na watu wenye tai, yalitoka yaliyotoka. Yeye na mkewe wakahamia Wete, kwa binti yao. Idi ya kwanza nilikwenda kumwona na halua mkononi. Binti akaniambia baba amelala. Chumbani redio ilikuwa inasema, na nilimsikia akikohoa kikohozi kile cha kusafisha koo kabla ya kuandika jina kwenye ramani. Niliacha halua, nikaondoka. Idi ya pili hivyo hivyo.

Bi Mize akapata kibali. Alinialika siku ya kumwaga zege, na safari hii alinikaribisha kwa mikono miwili. Nilimuuliza ukuta wa zamani wenye alama ameufanyaje. Akasema aliupaka chokaa, rangi ikatokeza. Akaupaka tena, ikatokeza. Mwisho akaubomoa, na yale mawe yaliyoshikilia udongo akayatia kwenye msingi. "Wakitaka kunipaka tena," akasema, "wachimbe."

Nilicheka naye, lakini sikutulia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiona bati linashushwa Makangale.

Miezi ya mwisho kabla sijastaafu, asubuhi moja, nilipofungua mlango wa kupokelea watu, nilimkuta Mzee Nassor kwenye benchi, katikati ya waombaji, karatasi yake ndani ya mfuko wa nailoni. Nikamwendea haraka.

"Shikamoo, Mzee. Karibu ndani."

"Marahaba. Nina zamu yangu."

Akangoja zamu yake. Alipofika mezani kwangu akakaa wima, kama mtu asiyenijua. "Nataka ramani ya kuombea kibali cha kujenga. Binti yangu kanipa kipande nyuma ya kwake."

Nikavuta kompyuta. Nilikuwa nimeshaanza kuandika alipogonga meza kwa kidole.

"Iache hiyo. Twende kwanza."

Tulikwenda kwa miguu, mimi nyuma yake nikijilazimisha kutompita. Kiwanja kilikuwa kidogo, kina mgomba na mawe. Hakukuwa na mtu wa kushika ncha ya pili ya utepe, akaishika mwenyewe. Utepe ukalegea katikati.

"Kaza, Mzee," nikasema, nikajishtukia.

"Nimekaza. Weye ndiye unayekwenda mbio kama unafukuzwa."

Tulipima upande wa kwanza, tukapima wa pili. Nilisoma, akaandika, mwandiko wake ule ule. Kwenye upande wa tatu akaniuliza bila kuinua uso.

"Yule mama wa Konde. Kajenga?"

"Kajenga, Mzee. Matofali, na bati."

"Mlango kauelekeza wapi?"

"Kusini. Msitu kaupa mgongo."

Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka utepe ukamponyoka, ukarudi kwangu unapiga kelele kwenye mawe. Akajifuta macho kwa mkono wa shati, akaja kuuchukua kwangu, akaenda nao tena hadi kwenye kona yake, taratibu, akainama.

"Haya, vuta, Riziki," akasema. "Upande mmoja bado."